Bluboneti haioti usiku mmoja

Mwaka juzi, mwezi wa nne, binti wa miaka saba wa familia niliyopanga kwao hapa Texas alinisubiri nirudi kutoka maabara, akanishika mkono hadi nyuma ya nyumba, akanionesha kipande cha ardhi. "Anko, mbona hayajatoka?" Palikuwa na udongo mtupu na miche mitatu minyonge, urefu wa kidole.

Nikamuuliza alipanda lini. Mwezi wa tatu, akasema, usiku, kama kwenye kitabu. Alikuwa ameomba pakiti ya mbegu kwa mama yake, akachukua na mwanasesere wake wa kitambaa. Habari za moto mama alizikataa, kwa hiyo hakumchoma, alimzika tu, kisha akarusha mbegu pande nne. Asubuhi akaenda kuangalia. Asubuhi ya pili tena. Wiki zikapita, na mtoto akajitafutia jibu mwenyewe: "Labda sikumpenda sana yule mdoli, Anko. Ndiyo maana."

Nimesoma ekolojia ya mimea kwa miaka kadhaa sasa, na sijawahi kuona kosa la tarehe ya kupanda likigeuka kuwa dhambi ya mtu. Usiku ule nikaomba nikione hicho kitabu.

Ni kitabu cha Tomie dePaola, The Legend of the Bluebonnet, kilichotoka 1983. Kama umelelewa Marekani huenda unamjua mwandishi kwa Strega Nona, yule bibi mchawi wa Kiitalia na chungu chake cha tambi. Hiki cha bluboneti hakikuvuma duniani kama kile, lakini hapa Texas ni kama mali ya umma: kipo madarasani, kipo maktaba, kipo kwenye maduka ya zawadi. Kwa watoto wengi ndicho kinachowafundisha kwa mara ya kwanza ua la jimbo lao. Ndiyo maana nataka tukisome kwa makini, wewe na mimi, tukiuliza kinasema nini kuhusu mmea wenyewe.

Hadithi yenyewe ni hivi. Watu wa kabila la Comanche wamepatwa na ukame na njaa. Wengi wamekufa, wakiwemo wazazi wa msichana mmoja mdogo ambaye sasa anaitwa Yule-Aliye-Peke-Yake. Hana kitu isipokuwa mwanasesere wa ngozi mwenye manyoya ya buluu kichwani, aliyetengenezwa na wazazi wake walipokuwa hai. Mganga anapanda kilimani, anarudi na jawabu: watu wamekuwa wachoyo, wanachukua tu kutoka kwa ardhi bila kurudisha, kwa hiyo wachome kitu wanachokipenda kuliko vyote na wapeperushe majivu pande nne za dunia. Watu wazima wanatazamana. Kila mmoja anaona kitu cha jirani ndicho kinachotakiwa. Usiku, msichana anatoka peke yake, anamchoma mwanasesere wake, anarusha majivu. Asubuhi vilima vyote vimefunikwa na maua ya buluu. Watu wanaimba na kushukuru, na mvua inaanza kunyesha. Msichana anapewa jina jipya, la mtu aliyewapenda sana watu wake.

Nikwambie ukweli, ni kitabu kizuri. dePaola anaandika kwa sentensi chache na kuacha nafasi. Ile sehemu ya watu wazima kusukumiana sadaka inachekesha na kuuma kwa wakati mmoja. Ukiwahi kukaa kwenye kikao cha harambee unaijua vizuri. Na kumpa yatima kitu kimoja tu, halafu kumwomba hicho hicho, hiyo ni hadithi inayojua inachokifanya.

Najua unachotaka kusema. Ngano ni ngano. Hakuna mtu anayemkagua Sungura kwa vitabu vya zuolojia, akiuliza mnyama wa ukubwa ule angembebaje Fisi. Nakubali kabisa. Kama maua yangetoka angani au kuzungumza, nisingekuwa na neno. Muujiza ukijionesha kuwa muujiza haumdanganyi mtoto. Tatizo la kitabu hiki ni kwamba muujiza wake unafanana mno na jambo linalotokea kweli: kila mwaka, mwezi wa tatu na wa nne, vilima vya Texas ya kati hugeuka buluu, na mtu anayepita kwa gari anaona kana kwamba yametokea jana. Mtoto anasoma hadithi, anachungulia dirishani, anaona ushahidi. Wazazi wake hawawezi kumsahihisha kwa sababu na wao wanayaona vivyo hivyo.

Kosa ninaloliona liko kwenye mpangilio. Katika kitabu maua yanatangulia, mvua inafuata. Kwenye ardhi mambo yako kinyume, na katikati ya mvua na ua kuna karibu miezi sita, nayo karibu yote ni ya majira ya baridi. Hiyo miezi sita ndiyo maisha ya bluboneti. Ua lenyewe ni wiki chache za mwisho.

Hebu tuufuate mmea kwa mwaka mmoja. Nakuomba uvumilivu kidogo, maana hapa ndipo penye utamu.

Bluboneti tunayoizungumzia ni Lupinus texensis. Jina la kawaida linamaanisha kofia ya buluu, kwa jinsi petali zinavyofanana na kofia za kitambaa walizovaa wanawake wa mashambani kujikinga jua. Jina la kisayansi lilitolewa na William Jackson Hooker mwaka 1836, kutokana na mimea iliyokusanywa na Mskoti Thomas Drummond alipozunguka Texas miaka michache kabla. Ni wa jamii ya mikunde, ndugu wa kunde, mbaazi na choroko. Kama umekulia nyanda za juu Tanzania na umewahi kuona shamba la marejea likichanua, umbo la ua unalijua tayari. Badilisha njano iwe buluu. Hata ndugu wa karibu zaidi tunaye: Lupinus princei, anayeota milimani Afrika Mashariki.

Mbegu yake ni ndogo, bapa, ya kijivu au kahawia. Ukiimwaga kiganjani utadhani umezoa kokoto. Ganda lake ni gumu na halipitishi maji. Ukiziloweka usiku kucha kama unavyoloweka maharage, asubuhi nyingi utazikuta ngumu vile vile. Ganda hilo hulegea polepole, kwa joto la mchana na baridi ya usiku, kwa kusuguana na mchanga, kwa kazi ya vijidudu vya udongoni. Matokeo yake ni kwamba mbegu zilizoanguka siku moja haziamki mwaka mmoja. Baadhi zitaota msimu unaofuata, nyingine wa pili, nyingine zitalala ardhini miaka. Mkulima angesema hiyo ni mbegu mbovu. Kwa mmea unaoishi mahali ambapo mvua inaweza kukosekana mwaka mzima, hiyo ni akiba: kama zote zingeamka pamoja na ukame ukazikuta, ukoo ungeishia hapo.

Zile zilizo tayari zinasubiri mvua ya mwezi wa tisa hadi wa kumi na moja. Angalia kalenda vizuri: ni miezi yetu ya vuli. Mvua ikinyesha ya kutosha, mbegu inavimba, ghalambegu mbili nene zinachomoza, halafu linakuja jani la kwanza la kweli. Baada ya hapo mmea unafanya jambo ambalo mtu wa kitropiki hulitazama kwa mashaka. Badala ya kupanda juu, unalala. Majani yanajipanga duara, yamebanana na udongo kama sahani, na yanakaa hivyo mwezi wa kumi na mbili, wa kwanza, hadi wa pili.

Mara ya kwanza kuyaona nilidhani mmea umekwama kwa baridi. Haujakwama hata kidogo. Kwenye usawa wa ardhi upepo ni mdogo, na udongo uliopigwa na jua la mchana unarudisha joto. Nyasi nyingi kubwa za mbuga za hapa ni za majira ya joto; wakati huu zimekauka, kwa hiyo mwanga wote unabaki kwa sahani ya majani. Maji nayo hayapotei haraka kama kiangazi. Usiku wa barafu kingo za majani hugeuka nyekundu kidogo, asubuhi jua likitoka kazi inaendelea. Mwezi wa pili 2021, dhoruba ya baridi ilipoiacha Texas chini ya nyuzi sifuri kwa siku mfululizo na mamilioni ya watu wakakosa umeme, bluboneti zilikuwa ardhini katika hali hii. Masika ile zilichanua.

Chini ya sahani ndiko kwenye shughuli kubwa. Mzizi mkuu unashuka, na juu yake vinajengeka vinundu vyenye bakteria wanaonasa naitrojeni ya hewani na kuigeuza chakula cha mmea. Ukikata kinundu kilicho hai utakuta ndani ni cha rangi ya waridi, sawasawa na kwenye mizizi ya maharage. Hapo kuna kejeli ya zamani: Lupinus linatokana na neno la Kilatini la mbwamwitu, kwa sababu watu waliamini mimea hii inaila rutuba ya ardhi. Waliiona kwenye ardhi maskini wakadhani ndiyo iliyoimaskinisha. Kumbe ilikuwa inavumilia umaskini uliokuwepo, na ikifa inaacha naitrojeni nyuma.

Jani lake ukiliinamia utalipenda. Vijijani vitano kwa kawaida, vimetoka mahali pamoja kama vidole vya kiganja, vyenye manyoya laini. Umande ukitua, tone moja hubaki katikati ya kiganja. Nimepiga picha nyingi za hilo tone kuliko za ua lenyewe, na mwenzangu wa maabara anasema hiyo ni dalili nimekaa muda mrefu peke yangu.

Halafu siku zinarefuka. Mwezi wa tatu, shina linainuka kutoka katikati ya sahani hadi sentimeta 30 hivi, wakati mwingine zaidi, na juu yake kinakuja kishada chenye maua hadi hamsini, ncha yake nyeupe. Kwa hiyo ncha Waspanyola wa hapa wana jina la ua hili linalomaanisha sungura, nafikiri kwa ajili ya mkia. Kila ua lina doa jeupe kwenye petali ya juu. Baada ya siku chache doa hugeuka zambarau-wekundu, na nyuki, wanaokuja kutafuta chavua, huyaendea zaidi yenye doa jeupe. Ua lililozeeka linabaki kwenye kishada likisaidia kionekane kikubwa kwa mbali, lakini kwa karibu linamwambia mgeni apite mlango wa pili.

Mwezi wa tano vitumba vyenye manyoya vinakauka, na siku ya jua kali vinapasuka kwa kujisokota: pa! Mbegu zinaruka pembeni. Mmea unakufa. Jua la kiangazi, ambalo hapa hupita nyuzi 38, linamkuta bluboneti akiwa kokoto udongoni, halimpati.

Sasa rudi kwenye kitabu. Mvua inayonyesha kwenye ukurasa wa mwisho haina faida kubwa kwa maua yaliyokwisha kuchanua kilimani. Kama ni ya masika, itawasaidia nyati na nyasi. Mvua iliyoyaleta maua yale lazima ilinyesha miezi mitano au sita nyuma, wakati ambapo mganga bado anasema ardhi imekauka na watu wanakufa. Kwa maneno mengine, hadithi inadai kwamba mvua ya vuli haikunyesha na maua yakatoka. Kwa bluboneti hilo ndilo jambo lisilowezekana kuliko hata majivu kugeuka petali.

Na hili si jambo la nadharia. Vuli ya 2010 Texas ilikuwa kavu. Masika ya 2011 watu walitoka na kamera zao wakarudi wakilalamika maua hakuna. Wengi walidhani ni kwa sababu mwezi wa tatu haukuwa na mvua. Jibu lilikuwa limeandikwa tangu mwezi wa kumi. Mwaka 2011 ukaendelea kuwa wa ukame mkali kuliko miaka yote iliyorekodiwa jimboni. Ng'ombe waliuzwa kwa sababu hakuna malisho, miti ilikufa mamilioni kwa mamilioni. Halafu mvua zikarudi mwishoni mwa mwaka na katika baridi, na masika ya 2012 vilima vikawa buluu kupita kiasi.

Ukiwa na akili ya haki utaona kwamba hapo ngano imenishika shati. Ukame wa kutisha, watu wamekata tamaa, kisha ghafla vilima vyote buluu: mfululizo huo ulitokea mbele ya macho yetu. Mtu aliyeishi kwenye ardhi hii kwa vizazi angeuona zaidi ya mara moja. Kwa hiyo kitabu kinashika jambo la kweli, kwamba bluboneti hurudi baada ya balaa. Kinachokosa ni namna. Zilirudi kwa sababu ya mbegu ambazo hazikuota mwaka wa shida, zikakaa kimya na ganda lao gumu. Na hata tukio la msichana kupeperusha majivu pande nne, kitu kilichoungua kikisambazwa kama punje, liko karibu sana na mmea: mwisho wa uhai wake bluboneti hukauka, hupasuka, hutawanya. Hadithi ilifika mlangoni kwa mbegu ikageuka.

Je, ingepoteza nini kama ingeingia? Jaribu kuisoma hivi. Msichana anatoa sadaka yake mwezi wa tisa. Asubuhi, hakuna kitu. Watu wanamcheka, au wanamhurumia, sijui kipi kibaya zaidi. Siku chache baadaye mvua ndogo. Kisha baridi, na ardhini sahani za majani ambazo hakuna anayezitazama isipokuwa yeye, kwa kuwa watoto ndio wako karibu na ardhi. Ana miezi sita ya kutojua kama alikosea kumchoma mwanasesere wake. Halafu masika. Mimi hadithi hiyo ningeilipia bei mara mbili. Sadaka inayojibiwa kesho yake asubuhi inakaribia kuwa biashara. Inayosubiri baridi nzima ndiyo inayomfaa yatima wa dePaola, ambaye tangu mwanzo ndiye mhusika mwenye subira kuliko wote.

Kuna jambo lingine la kusema harakaharaka: dePaola hakuwa Mcomanche. Alikuwa mtu wa New England mwenye asili ya Kiitalia na Kiayalandi, na ngano hii ilimfikia kwa kupitia mikono mingine. Kitabu kinawahusu watu walioishi kwa kuisoma ardhi, lakini ndani yake hakuna mtu anayeisoma. Kila mtu anatazama juu. Mwindaji au mchuma mizizi yeyote angekuwa amezikanyaga sahani zile za majani baridi nzima na angezitambua. Kumwonesha mtu kama huyo akishangaa asubuhi ni kumpunguzia elimu yake.

Nisimbebeshe dePaola mzigo wote, kwa sababu hakuanzisha tabia hii. Julian Onderdonk, mchoraji wa San Antonio aliyezaliwa 1882 na kufa 1922, ndiye aliyewafundisha Wateksasi kuitazama bluboneti. Michoro yake ni mizuri kwelikweli: ukungu wa asubuhi, mialoni, njia ya vumbi, na zulia la buluu linalofifia hadi upeo wa macho. Baada yake ikawa fasheni, hadi tajiri wa mafuta Edgar B. Davis akadhamini mashindano ya uchoraji wa maua ya mwituni kuanzia 1927 hadi 1929. Wahakiki wa sanaa waliichoka buluu hiyo zamani, lakini wanaikemea kwa sababu ya wingi. Malalamiko yangu ni ya kalenda. Katika picha zote hizo ni mwezi wa nne. Sijawahi kuona mchoro wa bluboneti ya mwezi wa kwanza, kijani, imelala, umande kiganjani. Na picha za familia za siku hizi, watoto wamevalishwa nguo za Pasaka na kukalishwa katikati ya maua, ni Onderdonk yule yule, isipokuwa sasa zulia linakaliwa na vishada vinavunjika kabla ya kutoa mbegu. Watu husema ni kosa la jinai kuchuma bluboneti Texas. Hakuna sheria ya jimbo inayolihusu ua hili pekee, ingawa katika mbuga za jimbo hurusiwi kuharibu mmea wowote. Bahati mbaya makalio hayamo kwenye uvumi huo.

Hata bunge halikuutazama mmea kwa karibu. Mwaka 1901 walipochagua ua la jimbo, wakiacha pendekezo la pamba na lile la dungusi kakati, waliandika kwenye sheria Lupinus subcarnosus, ndugu mdogo wa kwenye mchanga, asiye na ncha nyeupe kali. Wengi walikuwa wakimfikiria texensis. Ubishi ukadumu miaka 70, na mwaka 1971 wabunge wakaumaliza kiuanasiasa: texensis akaongezwa, na aina nyingine yoyote ya bluboneti itakayopatikana Texas ikahesabiwa humo humo.

Wanaoijua kalenda halisi ni watu wa idara ya barabara. Wanarusha mbegu za maua ya mwituni kandokando ya barabara kuu, takriban pauni 30,000 kwa mwaka, na bluboneti zinapandwa vuli. Kisha masika wanachelewesha kufyeka hadi mbegu zikomae. Hakuna anayewatungia kitabu cha watoto, lakini bila ule uchelewaji wa mashine, lile zulia la kwenye picha lingekuwa jembamba.

Kwa nini nimelishupalia hili? Kwa sababu mmea usioonekana wakati wa baridi unauawa wakati wa baridi. Vuli ileile, mwezi wa kumi na moja, baba wa yule binti aliniomba nimsaidie kusafisha nyuma ya nyumba kabla ya wageni wa sikukuu. Nikachukua jembe. Nilikuwa nimeshapalilia karibu nusu ya kile kipande nilipoinama kuokota rundo la magugu na kuona vijijani vitano, vyenye manyoya, na tone la maji katikati. Mimi, mwanafunzi wa ekolojia ya mimea, niliyekaa miezi saba nikikilaumu kitabu cha watoto! Mbegu za mwezi wa tatu, zile ambazo ganda lake lilikataa, zilikuwa zimeamka kwa mvua ya mwezi wa kumi, juu ya kaburi la mwanasesere. Nilijaribu kurudishia chache ardhini. Bluboneti haipendi mzizi wake mkuu usumbuliwe. Zile nilizorudishia zilinyauka zote.

Nikamwita binti, nikamwonesha zilizobaki. Hakuamini. "Haya ni majani tu, Anko." Mama yake naye akatoka, akasimama mlangoni: "Kaka, una uhakika? Maana mimi hayo nayang'oaga kila mwaka." Tulizungushia kamba na vijiti. Binti akaanza daftari, kwa hiari yake, na kwa sababu hakuwa na rula ya kutosha alipima upana wa kila sahani kwa vidole vyake. Mwezi wa kumi na mbili: vidole vitatu. Mwezi wa kwanza, baada ya usiku wa barafu, aliandika tu "nyekundu pembeni, haijafa". Akaniuliza kama yule mdoli anajua. Nikamwambia mimi nimesomea mimea, mambo ya midoli amuulize mama.

Kishada cha kwanza kilitoka wiki ya mwisho ya mwezi wa tatu. Vyote pamoja vilikuwa kumi na kimoja. Mbwa wa jirani alivunja kimoja. Kitabu kimerudi kwenye rafu yake, na daftari limechomekwa ndani, kwenye ukurasa ambao msichana yuko kilimani na bado ni usiku.